Kasiba Mbili

Neno kasiba nililijua kabla sijazijua herufi. Kwa Kiarabu ni tete, ni mwanzi, ni kitu chochote kirefu chenye uwazi ndani. Sisi watu wa mwambao tukalichukua tukalipa kazi moja tu, nayo ni ule mdomo mrefu wa bunduki. Bara husema mtutu, na siku hizi hata visiwani vijana husema mtutu. Marehemu babu yangu mzaa mama, msasi wa kusini Unguja, alisema kasiba, na kila alipolitamka alilivuta taratibu, kama mtu anayechungulia ndani ya mwanzi akatafuta mwangaza wa upande wa pili.

Bunduki yake ilikuwa ya kasiba mbili, zimelala ubavu kwa ubavu kama pacha kitandani. Aliinunua mjini kwa fedha ya mbata kabla ya Vita Vikuu vya Pili, na kwa bunduki hiyo aliilinda mihogo yake na ya jirani zake isiliwe na nguruwe mwitu. Sisi wajukuu tulikatazwa kuigusa, illa siku ya kuipangusa. Siku hiyo aliikunja pale inapokunjika, akaturuhusu tuangalie. Chini ya kasiba, karibu na mwanzo wake, palikuwa na alama ndogo iliyogongwa katika chuma: duara refu kama yai, ndani yake herufi tatu, E, L na G, na juu yake taji. Babu hakujua kuzisoma herufi za Kizungu. Kabla ya kutoka usiku alipitisha kidole gumba juu ya alama ile mara tatu, akasema bismillahi, akaenda. Mimi nikaamini kuwa ile ni hirizi ya bunduki, na sikumwuliza.

Mwaka 1964, nikiwa na umri wa miaka minane, niliiona bunduki ile kwa mara ya mwisho. Babu aliizongomeza kwa mkeka, akaipeleka mwenyewe ilikotakiwa kupelekwa, akarudi na mkeka mtupu. Mkeka ule ukatandikwa barazani kama kawaida.

Nimeanza na babu kwa sababu khabari ninayotaka kuiandika ilitokea mbali sana na kusini Unguja, na lau si bunduki yake isingetokea, au isingetokea kwa mdomo wangu.

*

Nilifika Katoro mwaka 2003 kufundisha Kiswahili katika skuli ya binafsi. Kutoka Mwanza nilivuka kwa kivuko mpaka Busisi, nikapita Sengerema na Geita, nikashuka garini nikiwa mwekundu kwa vumbi toka kope hadi kandambili. Mji wenyewe haukuwa na sura ya mji niliyoizoea. Ulikuwa soko lisilolala: mchele, dagaa, mitumba, vitanda vya mbao, mashine za kusaga unga, na nyuma ya hayo yote dhahabu. Watu walikuja na vumbi la makarasha ya Rwamgasa na Nyarugusu katika nywele, wakauza walichopata, wakanunua godoro au ng'ombe, au wakanywa mpaka fedha ikaisha, wakarudi katika maduara yao chini ya ardhi. Mgodi mkubwa wa Geita ulikuwa umefunguliwa miaka mitatu kabla, mwaka 2000, lakini mgodi huo ulikuwa na uzio. Katoro haikuwa na uzio.

Tena Katoro haikuwa peke yake. Ukitembea barabara kuu hujui ilikoishia, kwani imeungana na Buseresere nyumba kwa nyumba. Wakati ule Katoro ilikuwa ya Geita, Mkoa wa Mwanza, na Buseresere ilikuwa upande wa Biharamulo, Mkoa wa Kagera. Mpaka wa mikoa miwili ulipita baina ya duka na duka. Mwizi aliyevuka barabara alikuwa amehama mkoa. Mwaka 2012 ulipoundwa Mkoa wa Geita, Buseresere ikiwa sasa katika Wilaya ya Chato, pacha hao wakatiwa katika mkoa mmoja. Lakini mimi niliwajua walipokuwa wamelala pamoja na kila mmoja na wazazi wake.

Watu wa huko walikuwa na sababu ya kuogopa. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 silaha zilisambaa, wizi wa ng'ombe ukawa wa mtutu, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi wa Kahama, Shinyanga na Tabora wakajipanga wenyewe katika sungusungu, kwa pinde, mishale na filimbi. Nilipofika mimi, mabasi ya kwenda magharibi yalipita msitu wa Biharamulo yakisindikizwa na askari. Na ndani ya vijiji palikuwa na hofu nyingine, ile isiyovaa barakoa: kikongwe akiwa na macho mekundu, kwa moshi wa kuni aliopikia miaka sitini, alitajwa kuwa mchawi, na waliotajwa hivyo wengine walikatwa kwa mapanga usiku. Haya si mambo ya kusimuliwa na mgeni kwa kujipamba. Nayataja kwa kuwa yamo ndani ya khabari yangu, tena katikati.

*

Mhunzi nilimjua kwa ajili ya mbuzi. Mimi mtu wa visiwani, nazi zilifika Katoro kutoka pwani zikiuzwa ghali, na nilipozipata sikuwa na cha kuzikunia. Nikaenda katika banda la mzee mmoja nyuma ya soko, aliyekuwa akifua moko za wachimbaji na majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Nikamwamkia kwa neno moja la Kisukuma nililokuwa nimejifunza, "Mwangaluka," akacheka, akaitikia, akaniuliza kwa Kiswahili chake kizito mwalimu anataka nini. Hakuwa amewahi kuiona mbuzi ya nazi. Nikamweleza kwa maneno: kiti cha kukunjwa, ulimi wa chuma, meno yake namna gani, yainame kiasi gani. Baada ya siku tatu nikakuta mbuzi iliyokuna nazi vizuri kuliko ile ya mama yangu.

Alinambia asili yake ni Mrongo. Warongo wa Uzinza, msomaji, ndio waliokuwa wakiyeyusha chuma wenyewe kutoka katika mawe, na majembe ya pande hizo yalibebwa kwa miguu mpaka Unyanyembe, yakatolewa mahari, yakawa fedha kabla ya fedha. Yeye hakuyeyusha kamwe. Alifua chuma kilichokwisha kuwa chuma: springi za lori, nondo, mabaki ya mgodi wa zamani wa Geita uliofungwa mwaka 1966. Mivuo ya ngozi ya mbuzi ya baba yake ilikuwa imetundikwa ukutani imekauka, na moto ukapulizwa na feni iliyozungushwa kwa gurudumu la baiskeli. "Wazee walikijua chuma tangu kikiwa udongo," alinambia. "Mimi nakutana nacho njiani kama mtu mgeni. Namwuliza kwao wapi, hanijibu."

Katika ujana wake alikuwa ametengeneza magobori, ya mdomo mmoja, ya kufukuzia nguruwe na kuwindia. Hakujificha kunambia. Aliacha siku rafiki yake mmoja alipopata upofu wa jicho kwa kazi ya mkono wake.

Mjukuu wa dada yake ndiye aliyezungusha lile gurudumu. Kijana wa miaka kumi na tisa, mwembamba, mwepesi wa kuelewa, aliyeishia darasa la saba kwa kukosa ada. Aliniita mwalimu ijapokuwa sikuwahi kumfundisha, na siku nyingine alikuja kwangu jioni nikamsomea mashairi. Alipenda kuhesabu mizani kwa vidole. Nane, nane. Alipofika mwisho wa utao na hesabu ikatimia, alifumba ngumi kama mtu aliyeshika kitu.

Bibi yake, dada mkubwa wa mhunzi, ndiye aliyemlea. Mjane, macho yake mekundu.

*

Jioni moja ya mwaka 2006 alikuja bila ya kuleta salamu ndefu. Alisema kuna maneno yanayosemwa kisimani. Mtoto wa jirani amekufa kwa homa, na jina la bibi limetajwa. Nikamwuliza kwa nini asiende kwa sungusungu. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni. Nilikuwa sijajua bado kuwa sungusungu waliokamata wezi ndio hao hao walioweza kumfukuza kikongwe kijijini kwa uchawi. Nikamwuliza kuhusu polisi. Akasema askari huja asubuhi.

Kisha akaniuliza: "Mwalimu, wewe umewahi kuiona ya mitutu miwili?"

Nikasema nimeiona, tena nimeipangusa.

"Babu amekataa," akasema. "Hata ya mmoja amekataa. Lakini ya mmoja hainifai. Ukishapiga, unaanza kushindilia baruti upya gizani mikono inatetemeka. Yule wa kwanza akianguka au akikimbia, wa pili je?"

Wajua, msomaji, namna mtu anavyokuwa akiulizwa kitu anachokijua yeye peke yake katika mji mzima. Miaka mitatu nilikuwa mgeni asiyejua kupanda mpunga wala kuchunga ng'ombe wala kutambua dhahabu katika karai. Nilikuwa na mashairi tu na nazi. Sasa nimeulizwa kuhusu bunduki ya babu yangu. Nikawasha taa, nikachukua chaki, nikachora sakafuni.

Sitayarudia hapa niliyomwambia, na msomaji hatapungukiwa kitu. Yalikuwa mambo ya mtoto aliyetazama bunduki kwa nje, nikayachanganya na machache niliyoyasoma. Nikamwambia kuwa kasiba mbili, ingawa kwa jicho zinaonekana sambamba, kwa kweli zimeegemeana kidogo, ili marisau ya hii na ya ile yakutane pamoja mbele. Nikamwambia kuwa Ulaya palikuwa na mafundi ambao kazi yao ya maisha ilikuwa hiyo moja, kupiga, kutazama, kulegeza, kuunga tena, mpaka zote mbili zipige shabaha moja. Nikanogewa. Nikasema ni kama mshororo wa shairi: ukwapi hauelekei kwake wala utao hauelekei kwake, kila mmoja una mizani yake nane, lakini vinakutana katika maana, na ukizidisha mizani moja upande mmoja mshororo mzima unachechemea.

Akaniuliza: "Na hiyo unaipima kwa nini?"

Nikamjibu: "Kwa sikio."

Nililiona jibu zuri mno. Usiku ule nililala nikitabasamu.

Asubuhi niliifuta michoro. Siwezi kusema kuwa sikujua anataka kufanya nini. Nilijua, na nilijidanganya kuwa hatoweza. Sheria ya wakati ule, ya 1991, haikumruhusu mtu kutengeneza silaha nyumbani, na ile ya 2015 iliyokuja kushika nafasi yake nayo haimruhusu. Lakini sikuifikiria sheria. Nilifikiri juu ya ile mbuzi ya nazi, namna ilivyotoka sawasawa kwa maneno yangu tu.

*

Nilikuwa nasahihisha insha niliposikia mlio. Haukuwa mlio wa bunduki. Bunduki nilizizoea tangu utotoni, zina mwanzo na mwisho. Huu ulikuwa kama sufuria kubwa iliyopasuka. Kisha mbwa. Kisha kimya kirefu, halafu sauti ya mwanamke mzee akiita jina moja.

Aliijaribu peke yake nyuma ya shamba la mihogo, na hapo alifanya kama mtu mwenye akili, kwani hakumwita mtu kuja kutazama. Kasiba ya kushoto ilifunuka kama ganda la ndizi. Bomba la maji limefanywa kwa ajili ya maji. Mshono wake unavumilia maji miaka arubaini, na hauvumilii baruti kwa kupepesa jicho. Hilo mhunzi alilijua, ndiyo maana alikataa: hakujua kwao ni wapi. Mimi sikulijua, na nilikuwa nimezungumza muda wa saa nzima juu ya namna ya kuziegemeza kasiba mbili bila ya kusema neno moja juu ya kasiba yenyewe.

Akapoteza vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Akabakiwa na gumba na cha shahada.

Nilikwenda kumwona alipolazwa. Mzee mhunzi alikuwa amekaa chini ukutani. Nikamwambia pole, akaitikia. Halafu akasema, si kwa ukali: "Jembe likivunjika, mwalimu, watu hucheka." Hakuongeza. Sikujua kama anajua, na mpaka anakufa sikujua.

Yaliyofuata yalifuatana haraka. Askari walikuja wakachukua vilivyobaki. Kijana akashitakiwa. Mahakamani aliulizwa nani aliyemfundisha, akajibu kuwa hakufundishwa na mtu, alijifunza kwa kuangalia. Nilikuwa nimekaa benchi la tatu kutoka nyuma, nimevaa kanzu na kofia kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, na nilikuwa na mdomo. Sikuutumia. Akafungwa. Na kule kisimani wakasema: mnaona, hata mjukuu wake amemla vidole.

Ndivyo ilivyokuwa. Kile kilichofanywa ili kumlinda kikongwe kikawa ushahidi juu yake. Mhunzi hakungoja. Usiku mmoja alimpakia dada yake juu ya mkokoteni wa ng'ombe pamoja na vyungu vyake, akamvusha barabara, akampeleka kwa binti yao mmoja Buseresere. Hatua chache tu, mkoa mwingine, kisima kingine. Huko hakuna aliyemjua kwa jina.

Mwisho wa 2007 niliomba ruhusa nikarudi kwetu. Nilisema mama anaumwa. Mama alikuwa anaumwa kweli.

*

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini tulie sisi watu wa visiwa hivi tunaposikia magobori ya bara kana kwamba ni mambo ya watu wengine. Bunduki zilianzia kwetu safari ya kwenda huko. Mwaka 1888 balozi wa Kiingereza aliyekuwa Unguja, Euan-Smith, alikisia kuwa silaha baina ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kila mwaka, na forodha ya kupitia ilikuwa hii hii tunayokwenda kupunga upepo. Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola kwa bunduki zilizopita mikononi mwa watu wetu. Tippu Tip alieleza mwenyewe kuwa jina lake ni mlio wa bunduki zake, na sisi tunalitaja kama jina la mtaa. Mkutano wa Brussels wa 1890 ulipozuia silaha mpya zisiingizwe, kuanzia latitudo 20 kaskazini mpaka 22 kusini, uliziachia mlango gumegume, zile za jiwe zisizo na mifereji ndani ya kasiba. Yaani Mwafrika aachiwe zile zilizokwisha pitwa na wakati Ulaya. Na Kiswahili, ambacho husikia kila kitu, kikalichukua neno hilo hilo la gumegume kumwita mtu asiyefaa kitu.

Mafunzo haya niliyapata baadaye, uzeeni, nilipokuwa nasoma ili nijue nilifanya nini. Lakini lililonifungua macho sikulipata kitabuni. Mwaka 2019 nilikwenda Muscat kumzuru binti yangu, na asubuhi moja tukaingia soko la Mutrah. Katika duka la vitu vya kale palikuwa na bunduki za zamani zimesimamishwa kama mafagio, na moja ilikuwa ya kasiba mbili. Nikaikunja bila kuomba ruhusa. Chini yake: yai, taji, E, L, G.

Mwenye duka alikuwa mzee wa kwetu, mzaliwa wa Pemba, Kiswahili chake kimehifadhika kama nguo ya sandukuni. Nikamwambia hii ni hirizi. Akacheka mpaka akakohoa. "Hirizi gani, ndugu yangu? Hii ni alama ya kuwa imejaribiwa."

Akanieleza, na niliporudi nikathibitisha. Herufi zile ni za mji wa Liège, Ubelgiji. Tangu mwaka 1672 mafundi wa huko waliamriwa wazipeleke kasiba zao kujaribiwa. London kazi hiyo walikabidhiwa chama cha mafundi bunduki mwaka 1637, na Birmingham wakapata nyumba yao mwaka 1813. Kasiba hushindiliwa baruti kupita kiasi ambacho haitatiwa tena maisha yake yote, hupigwa ikiwa imefungwa pahala pake na hapana mtu karibu, kisha hukaguliwa. Iliyopasuka imepasuka. Iliyosalimika hugongwa muhuri, na hapo ndipo inapoweza kuwekwa karibu na uso wa mwanadamu.

Basi yale yote niliyomchorea kijana yule sakafuni, umbo na muungano na maegemeo, yalikuwa urembo. Alama ile ndogo niliyoidhani urembo ndiyo iliyokuwa bunduki. Nayo peke yake sikumchorea. Nilikumbuka pia lile jibu langu, kwa sikio, nikakaa chini juu ya kiti cha mwenye duka mpaka binti yangu akadhani nimepandwa na sukari.

*

Agosti 2025 nilirudi Katoro. Daraja la Kigongo na Busisi lilikuwa limefunguliwa mwezi Juni, kiasi cha kilomita 3 juu ya Ziwa, na pahala nilipokuwa nikingoja kivuko nusu siku nilipita kwa dakika chache. Sikupata hata muda wa kuyapanga maneno yangu. Lami imefika, maghorofa yameota, na bado hujui Katoro inaishia wapi na Buseresere inaanzia wapi.

Banda lilikuwa pale pale, limeezekwa upya. Mzee alifariki zamani. Dada yake alimtangulia, kwa maradhi, kitandani kwake, Buseresere. Kijana sasa ni mtu mzima mwenye watoto wanne, na ndiye mhunzi. Nyundo huishika kwa mkono wa kulia, na koleo kwa vidole viwili vya kushoto na kipande cha ngozi alichojifungia kifundoni. Hakuacha chuma. Anafua moko, sururu na vifaa vya makarasha, na wateja wanangoja nje kwenye benchi.

"Shikamoo mwalimu," akasema kabla sijamfikia.

"Marahaba."

Akaniletea kiti. Tulizungumza juu ya watoto, juu ya bei ya dhahabu, juu ya wakati ule wa msamaha, serikali iliposema anayesalimisha silaha kwa hiari hatashitakiwa. Alisema wazee wawili walimpitia alfajiri wana vitu virefu vimefungwa kwa magunia, wakamwomba awasindikize polisi kwa kuwa waliona haya kwenda peke yao. Akawasindikiza. Moja aliitambua ni kazi ya babu yake.

Ndipo nikamwambia. Nikaanza na mahakama, benchi la tatu kutoka nyuma. Akasema aliniona. Nikamwambia juu ya Muscat, juu ya yai na taji na herufi tatu, na juu ya zile nyumba wanazozijaribia kasiba. Nilimweleza taratibu, bila ya mfano wa shairi. Alisikiliza amelishika gurudumu la feni lisizunguke, na moto ukawa unafifia.

Alinyamaza muda mrefu. Nilitaka aseme neno lolote, hata la tusi.

"Hiyo alama," akauliza mwisho, "ilikuwa upande gani?"

"Chini," nikamwambia. "Karibu na mwanzo wa kasiba. Pale mkono wa kushoto unaposhika."

Akautazama mkono wake. Kisha akalizungusha gurudumu, makaa yakarudi kuwa mekundu, akaingiza moko ya mtu aliyekuwa anangoja.